Marengu ya Ngalawa na Makasia ya Asiya

Kijiji cha Jambiani kipo katika pwani ya kusini-mashariki ya kisiwa cha Unguja. Mbele ya kijiji hicho kuna mwamba wa matumbawe ulio mbali na ufuko, ambao huyavunja mawimbi makubwa ya Bahari ya Hindi na kuacha nyuma yake uwanda mpana wa maji matulivu. Maji yakipwa wakati wa bamvua, sehemu kubwa ya uwanda huo hubaki mchanga mtupu na watu hupita kwa miguu. Yakijaa, mahali pale pale huwa na kina cha kumzamisha mtu mzima, kwa maana tofauti ya maji kupwa na kujaa katika bamvua hufika kati ya meta 3 na 4.

Mvuvi wa Jambiani huuvuka uwanda huo kwa njia tatu, kulingana na hali ya bahari. Kwenye maji haba hutumia upondo, akisukuma sakafu ya bahari. Kwenye maji ya kina hutumia kafi. Upepo ukiwa mwema hutweka tanga. Njia ni tatu, lakini chombo ni kimoja, nacho ni ngalawa: gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, lenye urefu wa meta 5 au 6 na wembamba wa kumtosha mtu mmoja kukaa. Chombo chembamba namna hiyo kikitwekwa tanga peke yake kingepinduka kwa upepo wa kwanza. Lakini ngalawa haipinduki kwa urahisi, na huenda kasi kuliko vyombo vingi vinavyoizidi kwa upana.

Jambo hili, ambalo kila mtoto wa pwani amelizoea, ndilo fumbo kubwa la kila chombo cha mashindano majini. Wembamba huleta kasi na papo hapo huondoa utulivu. Makala haya yanaeleza sababu zake kwa kufuata safari ya mpiga makasia mmoja wa pwani hii ya Afrika Mashariki, Asiya Mohammed Sururu wa Mombasa, ambaye mwaka 2021 alishindana huko Tokyo katika mashua ambayo, kwa kanuni za fizikia, ni jamaa wa karibu sana wa ngalawa.

Ngalawa na mizani yake

Chombo chochote kinachoelea huvutwa chini na uzito wake na kusukumwa juu na maji. Uzito hufanya kazi kana kwamba umekusanyika katika nukta moja iitwayo kitovu cha uzito. Msukumo wa maji nao hufanya kazi katikati ya sehemu ya chombo iliyozama. Chombo kinapoinama upande mmoja, sehemu iliyozama hubadilika umbo, na nukta ya msukumo wa maji husogea upande wa kuinama. Ikisogea vya kutosha, msukumo huo hukirudisha chombo wima. Isiposogea vya kutosha, uzito hushinda na chombo hupinduka.

Chombo kikiwa kipana, nukta hiyo husogea mbali. Kikiwa chembamba, husogea kidogo mno. Tena athari ya upana ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kwa vyombo viwili vyenye urefu sawa na umbo la kufanana, kinachozidi kwa upana mara 2 hupata, kutokana na upana huo, nguvu ya kujirudisha wima mara 8. Kwa hiyo anayepunguza upana ili apate kasi hulipa gharama kubwa ya utulivu.

Mafundi wa ngalawa walilitatua tatizo hilo bila kuupanua mwili wa chombo. Juu ya gogo hulazwa miti miwili inayotokeza pande zote mbili, nayo huitwa matengo. Kwenye ncha za matengo hufungwa mbao mbili, moja kila upande, zinazokwenda sambamba na chombo. Hizo ndizo marengu. Upepo unapoiinamisha ngalawa, rengu la upande wa chini huingia majini na kusukumwa juu. Kwa kuwa rengu liko mbali na katikati ya chombo, msukumo mdogo hutosha kuzuia kuinama kukubwa. Zaidi ya hayo, rengu ni ubao uliowekwa kwa mshazari, na ngalawa inapokwenda kasi maji huliinua jinsi upepo unavyoiinua tiara.

Ubunifu huu ni wa kale. Vyombo vyenye marengu ya pande mbili vinapatikana pia Komoro, Madagaska na katika visiwa vya Indonesia, na wataalamu wanakubaliana kwamba asili yake ni mabaharia wa kusini-mashariki ya Asia, waliovuka Bahari ya Hindi na kufika Madagaska zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Kanuni inayohusika ni ile inayofundishwa darasani kwa mizani ya rula. Nguvu ya kugeuza kitu hupatikana kwa kuzidisha uzito kwa umbali wake kutoka kwenye egemeo. Katika mashindano ya ngalawa ya Zanzibar, upepo ukizidi, baharia mmoja hutoka na kukaa juu ya tengo la upande wa joshi, yaani upande unaotoka upepo. Tuseme baharia huyo ana uzito wa kilo 60. Akiwa ndani ya chombo, sentimeta 25 kutoka katikati, anachangia kipimo cha 60 mara 0.25, yaani 15. Akitoka hadi meta 1.5 anachangia 60 mara 1.5, yaani 90. Uzito wake haukuongezeka hata kidogo, lakini faida yake kwa chombo imekuwa mara 6.

Gharama ya kasi

Sababu ya kuutafuta wembamba huo ni ukinzani wa maji. Katika mashua ndefu na nyembamba, sehemu kubwa ya ukinzani hutokana na msuguano wa maji kwenye ngozi ya chombo. Sehemu iliyobaki hutokana na kutengeneza mawimbi na kusukuma maji pembeni. Ukinzani huo hauongezeki sawa kwa sawa na kasi. Kasi ikiwa mara 2, ukinzani huwa takriban mara 4.

Mpiga makasia hulipa hata zaidi ya hapo. Kazi anayoifanya kwa kila sekunde ni zao la nguvu anayoitoa na kasi ya chombo. Kasi ikiwa mara 2, nguvu inayotakiwa ni mara 4, na nguvu hiyo hutolewa katika mwendo ulio mara 2. Basi kazi ya kila sekunde ni mara 8. Mwanafunzi anaweza kuhakikisha pia kwamba anayetaka kuongeza kasi yake kwa sehemu 10 tu katika 100 hana budi kuongeza kazi ya kila sekunde kwa sehemu 33 katika 100, kwa kuwa 1.1 ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu ni 1.331.

Hii ndiyo sababu mafundi wa mashua za mashindano hupigania kila sentimeta. Mashua ya mtu mmoja inayotumika katika Olimpiki ina urefu wa meta 8 hivi, upana wa sentimeta 30 hivi kwenye usawa wa maji, na uzito ulioruhusiwa kuwa si chini ya kilo 14. Mtu wa kilo 70 akiikalia, kitovu cha uzito huwa juu mno kuliko upana huo unavyoweza kuhimili. Mashua hiyo ikiachwa peke yake na mtu ndani yake hupinduka mara moja. Kinachoishikilia ni makasia yenyewe, yaliyonyooshwa pande mbili kama mikono ya mtu anayetembea juu ya ukuta, pamoja na ustadi wa mtu huyo alioupata kwa miaka mingi ya mazoezi.

Kasia ni wenzo

Kafi na kasia ni vitu viwili tofauti, ingawa watu huvichanganya. Mwenye kafi hutazama mbele, kwenye omo, na hulishika kafi kwa mikono miwili bila kuliegemeza popote. Mwenye kasia hutazama nyuma, kwenye tezi, na kasia lake limeegemezwa ubavuni mwa chombo. Katika mashua za kwetu kasia hushikwa na kishwara, yaani kitanzi cha kamba. Katika mashua za mashindano hushikwa na kifungo kinachozunguka.

Kwa hiyo kasia ni wenzo. Kasia moja la mashua ya mtu mmoja lina urefu wa karibu meta 2.9, sentimeta 88 hivi ziko upande wa mkono na meta 2 upande wa maji. Mkono ukisogea sentimeta 10, bapa la kasia lililo majini husogea karibu sentimeta 23. Lakini hakuna faida isiyo na gharama yake: mkono ukivuta kwa nguvu ya kilo 20, bapa husukuma maji kwa nguvu isiyofika kilo 9. Mpiga makasia anauza nguvu na kununua mwendo.

Wenzo mrefu namna hiyo unahitaji egemeo lililo mbali na katikati ya chombo. Zamani egemeo lilikuwa ukingoni mwa mashua, kwa hiyo mashua ililazimika kuwa pana. Katika miaka ya 1840, waundaji wa mashua wa mto Tyne huko Uingereza, akiwemo Harry Clasper aliyekuwa bingwa wa makasia, waliendeleza mikono ya chuma inayotokeza nje ya mashua na kubeba egemeo. Tangu hapo mwili wa mashua ukaweza kupunguzwa upana bila kulifupisha kasia. Katika miaka ya 1870 kiti kinachoteleza nacho kikaingia mashindanoni, na mpiga makasia akaweza kuvuta kwa kunyoosha miguu yake, ambayo ina misuli mikubwa kuliko yote mwilini.

Msomaji wa pwani atatambua hapa jambo la ajabu. Mikono ya nje ya ngalawa iliwekwa kwa ajili ya utulivu; mikono ya nje ya mashua ya Tyne iliwekwa kwa ajili ya wenzo. Ilipita karne moja na nusu kabla ya mambo hayo mawili kukutana katika mashua moja ya mashindano ya dunia.

Asiya Mohammed wa Mombasa

Asiya Mohammed Sururu alipokuwa na umri wa miaka miwili alipata ajali ya treni. Alipoteza miguu yote miwili na baadhi ya vidole vya mikono. Alipokua aliingia michezoni, na kabla ya kushika makasia alikuwa mchezaji wa tenisi ya viti vya magurudumu. Mwezi Oktoba 2019, katika mashindano ya kufuzu ya Afrika yaliyofanyika Tunisia, alipata nafasi ya kwenda kwenye Michezo ya Olimpiki ya Watu Wenye Ulemavu, iitwayo Paralimpiki. Kwa hatua hiyo akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kufuzu kwa Paralimpiki katika kupiga makasia.

Michezo hiyo, iliyokuwa ifanyike mwaka 2020, iliahirishwa kwa ajili ya maradhi ya UVIKO-19 na kufanyika Tokyo mwezi Agosti na Septemba 2021. Kwa mtu aliyejiandaa kufikia kilele cha nguvu zake katika wiki fulani, kuahirishwa kwa mwaka mzima si jambo dogo, kwa maana matayarisho ya mpiga makasia hupimwa kwa miezi na siku. Asiya alisubiri, akafanya mazoezi, na akashindana. Hakurudi na medali. Alirudi akiwa amefika mahali ambapo hakuna mwanamke wa nchi yake aliyepata kufika kabla yake katika mchezo huo.

Kupiga makasia kuliingizwa katika Paralimpiki kwa mara ya kwanza huko Beijing mwaka 2008. Washindani hugawanywa katika makundi matatu kufuatana na sehemu za mwili zinazoweza kutoa nguvu. Kundi la tatu ni la wanaotumia miguu, kiwiliwili na mikono. La pili ni la wanaotumia kiwiliwili na mikono. La kwanza, ambalo ndilo la Asiya, ni la wanaotumia mabega na mikono tu. Hadi mwaka 2016 masafa ya Paralimpiki yalikuwa meta 1000. Kuanzia mwaka 2017 yalifanywa kuwa meta 2000, sawa na yale ya Olimpiki.

Katika mashua ya kundi la kwanza kiti hakitelezi. Kina egemeo la mgongo, na mkanda hufungwa chini kidogo ya kifua ili kiwiliwili kisiyumbe. Hapo hutokea tatizo la utulivu. Mpiga makasia mwenye kiwiliwili huru huisahihisha mashua kila inapoyumba, kwa kuinamisha kiuno na kukaza miguu, mara nyingi bila hata kufikiri. Aliyefungwa mkanda hana njia hiyo. Akiyumbishwa na wimbi, mikono yake peke yake ingelazimika kusawazisha mashua na kuiendesha kwa wakati mmoja.

Jawabu lililowekwa katika kanuni za mchezo ni lile lile la ngalawa. Mashua ya kundi la kwanza ni lazima ifungwe maboya mawili kwenye mikono yake ya nje, moja kila upande, umbali usiopungua sentimeta 60 kutoka katikati, yaguse maji mashua ikiwa imesimama sawa. Mwili wa mashua nao huwa mpana zaidi, na uzito wake haupungui kilo 24. Maboya hayo ni marengu kwa jina jingine. Yanabeba jukumu la mizani, ili kila nguvu iliyomo mikononi itumike kwenda mbele.

Hesabu ya miguu

Msomaji anaweza kujiuliza: miguu inachangia kiasi gani katika kupiga makasia? Vipimo vilivyofanywa kwa wapiga makasia wa daraja la juu huonyesha kwamba karibu nusu ya kazi hutoka miguuni, karibu theluthi moja hutoka kiwiliwilini, na inayobaki mikononi. Hesabu ndogo inaweza kuonyesha jambo hilo kwa kutumia matokeo ya Tokyo yenyewe.

Katika Olimpiki ya huko, Emma Twigg wa New Zealand alishinda mbio za wanawake za mashua ya mtu mmoja kwa muda wa dakika 7 na sekunde 14. Hizo ni sekunde 434 kwa meta 2000, yaani kasi ya meta 4.6 kwa sekunde. Katika Paralimpiki, Birgit Skarstein wa Norway alishinda mbio za wanawake za kundi la kwanza kwa muda wa chini kidogo ya dakika 11, yaani kasi ya takriban meta 3 kwa sekunde. Kasi ya Skarstein ilikuwa karibu theluthi mbili ya kasi ya Twigg.

Kwa kanuni iliyoelezwa hapo juu, theluthi mbili ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu hupatikana 8 katika 27, yaani karibu sehemu 30 katika 100. Kama mashua zingekuwa sawa, mpiga makasia wa mikono tu angekuwa anatoa kazi isiyofika theluthi moja ya ile ya mwenzake anayetumia mwili mzima. Lakini mashua hazikuwa sawa: ya kundi la kwanza ni pana zaidi, ni nzito zaidi, na maboya yake nayo husuguana na maji. Tena upepo wa siku moja si upepo wa siku nyingine. Kwa hiyo kazi halisi ya mikono ile ni kubwa kuliko hesabu hii inavyoonyesha. Mwanafunzi ajifunze hapa kwamba hesabu nzuri hueleza pia mipaka yake.

Hesabu hiyo inafundisha jambo jingine. Anayelinganisha muda wa dakika 11 na wa dakika 7 huona upungufu. Anayelinganisha misuli iliyotumika huona kwamba mabega na mikono vimeendesha mashua masafa yale yale, kwa muda mrefu zaidi, bila msaada wa misuli mikubwa. Kwa Asiya, aliyepoteza baadhi ya vidole, kuna mzigo wa ziada, kwa kuwa mpini wa kasia hushikwa kwa vidole kama ndoano, na nguvu yote ya mabega hupita hapo.

Moyo, damu na miaka

Mbio za meta 2000 ni ndefu kuliko mbio fupi za uwanjani na ni fupi kuliko za masafa marefu, nazo hudai uwezo wa aina zote mbili. Katika sekunde za mwanzo misuli hutumia akiba yake ya nishati isiyohitaji oksijeni. Baada ya hapo moyo na mapafu huchukua kazi, na kwa jumla zaidi ya theluthi mbili ya nishati yote ya mbio hupatikana kwa njia ya oksijeni. Zamani laktati inayozalishwa na misuli ilihesabiwa kuwa uchafu tu wa kuchosha mwili. Siku hizi inajulikana kuwa ni kuni pia, na kwamba moyo na misuli mingine huichoma ili kupata nishati.

Mikono ina misuli michache, kwa hiyo haiwezi kupokea oksijeni nyingi kama miguu. Mtu asiye na mazoezi maalumu akifanya kazi kwa mikono tu, hufikia takriban sehemu 70 katika 100 ya oksijeni anayoweza kuitumia kwa miguu. Mazoezi ya miaka mingi huipunguza tofauti hiyo: mishipa midogo ya damu huongezeka ndani ya misuli, na mitokondria, ambayo ni majiko ya seli, huongezeka pia.

Mabadiliko hayo huja polepole, na ndiyo yanayoyapa maisha ya mpiga makasia umbo lake. Emma Twigg alishika nafasi ya nne London mwaka 2012, na akashika nafasi ya nne tena Rio de Janeiro mwaka 2016. Alipopata dhahabu Tokyo alikuwa na umri wa miaka 34. Katika michezo mingi umri huo ni wa kustaafu.

Tena mchezo huu humruhusu mtu kuanza akiwa amekwisha kukua. Kathleen Noble, aliyezaliwa Kampala na wazazi kutoka Ireland, aliiwakilisha Uganda kwanza katika kuogelea. Makasia aliyashika alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Princeton, Marekani, na mwaka 2021 akawa mpiga makasia wa kwanza wa Uganda katika Olimpiki. Uganda ina ziwa kubwa kuliko yote Afrika, lakini mpiga makasia wake wa kwanza wa Olimpiki aliujifunza mchezo huo ng'ambo. Hapo pana somo kwa nchi zote za ukanda huu. Maji peke yake hayaleti mpiga makasia. Panahitajika mashua, mwalimu, na mahali pa kufanyia mazoezi kila siku.

Bahari ya Jambiani na mashindano mapya

Kwa muda mrefu mashindano ya makasia ya Olimpiki yamefanywa kwenye maji tulivu ya maziwa, mito na mifereji ya kuchimbwa. Mashua ya sentimeta 30 haiwezi kuhimili mawimbi. Lakini katika Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028 limepangwa kuingizwa shindano la makasia ya baharini. Mshindani hukimbia mchangani, hurukia mashua, hupiga makasia hadi umbali wa meta 250 akizunguka maboya, hugeuza, hurudi pwani na kumalizia kwa kukimbia. Mashua yake ya mtu mmoja ina urefu usiozidi meta 6, upana wa sentimeta 75 hivi, na uzito usiopungua kilo 35.

Vipimo hivyo haviko mbali na vya vyombo ambavyo vijana wa Jambiani, Paje na Makunduchi wamevizoea tangu utotoni. Kusoma wimbi, kujua saa ya maji kujaa, kupanda chombo kinachoyumba bila kukipindua, yote hayo hufundishwa na bahari kabla ya mwalimu yeyote. Yasiyofundishwa na bahari ni kanuni za mchezo, mazoezi ya mpango, na ufundi wa kasia lenye egemeo.

Jaribio kwa darasa

Mwalimu anaweza kuyaonyesha haya kwa vifaa visivyo na gharama. Itafutwe chupa tupu ya plastiki yenye kizibo, vijiti viwili vyepesi vya urefu wa sentimeta 40, uzi, na vipande viwili vinavyolingana vilivyokatwa kutoka kwenye ndara iliyochakaa. Chupa ilazwe katika beseni pana la maji, na vijiti vifungwe juu yake kwa kukingama, mithili ya matengo. Kikopo chepesi kifungwe kwenye ncha ya kijiti kimoja, sentimeta 20 kutoka katikati ya chupa, nacho kitiwe kokoto zinazolingana, moja baada ya nyingine.

Bila marengu, chupa hupinduka mara moja. Kisha vipande vya ndara vifungwe chini ya vijiti pande zote mbili, sentimeta 5 kutoka katikati, na idadi ya kokoto zinazoipindua chupa iandikwe. Jaribio lirudiwe kwa sentimeta 10 na kwa sentimeta 15. Wanafunzi wachore grafu. Wataona kwamba idadi ya kokoto huongezeka karibu sawia na umbali, ingawa vipande vya ndara ni vile vile.

Sehemu ya pili ya jaribio ipime gharama. Chupa ivutwe kwa uzi uliopitishwa ukingoni mwa beseni refu, au mtaro wenye maji yaliyotulia, na kuning'inizwa jiwe dogo. Muda wa kufika upande wa pili upimwe kwa saa, kwanza marengu yakiwa yamezama majini, kisha yakiwa yameinuliwa hadi yanagusa maji tu. Darasa litajionea kwamba marengu yaliyozama huchelewesha chombo, na litaelewa kwa nini fundi wa ngalawa na fundi wa mashua ya Paralimpiki hupima kwa uangalifu mahali pa kuyaweka.

Baada ya grafu kukamilika, mwalimu aliulize darasa swali moja: ikiwa vipande viwili vya ndara vinaweza kuifanya chupa isiyosimama ibebe mzigo, ni wanafunzi gani shuleni petu ambao wameachwa nje ya michezo kwa sababu tu chombo chao hakijafungwa marengu? Swali hilo lina jawabu katika kila shule, na sehemu kubwa ya jawabu lake ni kazi ya fundi.